Tumechanga kwa karo, sasa tuchange na kwa swali

(Hotuba iliyotolewa kwa niaba ya kamati ya elimu mbele ya wazazi na wanafunzi wa vyuo, Athi River. Tunaichapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya misaada ya fedha kwa wanafunzi wa digrii ya kwanza wanaotaka kufanya utafiti au kazi ya sanaa. Tunajua baadhi yenu mmekuja mkitumaini habari za karo. Karo tutaigusa, lakini leo si siku yake.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa hapa kwetu, akiwa mwaka wa nne chuoni, alikuja mbele ya kamati hii na daftari lake. Alitaka kuchukua maji ya visima 10 vilivyochimbwa kwa mashine hapa mjini, ayapeleke maabara yapimwe floraidi. Floraidi ni madini yanayotoka ndani ya miamba na kuingia katika maji ya chini ya ardhi, na sehemu zetu hizi zinajulikana kwa jambo hilo. Ikizidi, meno ya watoto hugeuka rangi ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isipite miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Binti alihitaji shilingi 9,400. Tulimsikiliza kwa heshima, tukafungua kitabu chetu cha kumbukumbu, nacho kikasema: basari ni ya karo tu. Tukamwambia, pole, mwanetu. Akaenda zake.

Baadaye tulimwuliza ule mradi uliendaje. Hakutuficha. Alikwenda kwenye duka moja la kompyuta, akalipa pesa kidogo, akachapiwa mradi wa mtu mwingine juu ya mambo ya mahali pengine kabisa, akabadilisha jina. Akapita. Siku ya kuvaa joho tulipiga vigelegele pamoja na wazazi wake. Lakini hapa nyumbani bado tunachemsha maji tukidhani tumemaliza kazi, kumbe kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ile ile, na yale maji yaliyobaki yanakuwa nayo nyingi zaidi. Ni kisima kipi cha kunywa na kipi cha kufulia? Swali la yule binti liko palepale alipoliacha, na watoto wanakunywa.

Ndugu zangu, hatukufanya vile kwa ubaya. Tulifanya kwa mazoea. Pesa ya elimu ya juu katika nchi hii imezoea kulipa karo na chakula. Mfuko wa kwanza wa mikopo ulianzishwa mwaka 1952, wakati wa mkoloni, kwa wale waliokwenda kusoma ng'ambo. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo kwa wanafunzi wa chuo kikuu, na mwaka 1995 Bunge likaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB. Mwaka 2003 ikaja sheria ya CDF na basari zake. Mambo haya ni mema. Bila hayo nusu ya vijana walioketi hapa wasingekuwa vyuoni, ingawa msisahau kwamba HELB ni deni, na deni lile lina riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Lakini nauli ya kwenda kukusanya habari, chupa za maji, ada ya maabara, rangi za mchoraji, kuchapa mswada, hayo yote huangukia mfuko wa mama anayeuza mboga. Hata Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti uliotokana na sheria ya mwaka 2013, ulipotangaza misaada kwa wanafunzi, uliwalenga wa digrii ya pili na ya tatu.

Je, basi kijana wa digrii ya kwanza hana mlango? Milango ipo. Tutawatajia michache tunayoifahamu.

Mlango wa kwanza ni mwalimu wako mwenyewe. Wahadhiri wengine wana miradi iliyokwisha kupata fedha, nao wanahitaji mikono ya kukusanya habari. Mwanafunzi akienda mapema, mwaka wa tatu, akasema, "Mwalimu, nataka kuchukua kipande kimoja cha kazi yako kiwe mradi wangu," mara nyingi nauli na maabara hulipwa humo humo. Wengi wetu tunamwogopa mhadhiri mpaka siku ya mtihani. Hasara ni yetu.

Mlango wa pili ni wa wale wanaoshughulika na wanyama, miti na mazingira. Lipo shirika la Marekani liitwalo IDEA WILD ambalo hutoa vifaa vya kazi badala ya fedha taslimu: darubini, kamera, vipimo, kwa kiasi kisichozidi dola 1,500. Aliye karibu na mbuga kama sisi, anayewaona nyumbu na pundamilia kwenye nyasi za Kapiti, asiseme hana la kuchunguza.

Mlango wa tatu ni wa waandishi, na huu tunautaja kwa furaha kwa sababu umepita mlangoni petu. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoitwa Mabati-Cornell. Hilo neno Mabati ni hawa hawa Mabati Rolling Mills, jirani zetu wa barabara ya Mombasa, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Baadaye ikaitwa Safal-Cornell. Zawadi zake kwa jumla zilifika dola 15,000, na miswada ambayo haijachapishwa ilikubaliwa. Mwaka 2018 zawadi ya ushairi ilikwenda kwa Mkenya, Jacob Ngumbau Julius, kwa mswada wake Moto wa Kifaurongo. Fikirini: mabati yanayoezeka nyumba zetu yamelipa mashairi, na sisi tunaopita pale kila asubuhi kwa matatu hatukuwa na habari.

Tena iko Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Kuingia ni bure kwa aliyetimiza miaka 18, hadithi iwe ya maneno 2,000 hadi 5,000, na Kiswahili kinakubaliwa. Mshindi wa kila eneo amekuwa akipewa pauni 2,500, na mshindi wa wote pauni 5,000. Kila tuzo hutangaza masharti yake upya kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wenyewe, usisikilize la kuambiwa. Hata letu hili.

Sasa, mwombaji afanye nini? Tumesoma barua nyingi za kuomba, na nyingi zinaanguka kwa sababu zile zile.

Kwanza, andika swali moja linalotosha katika sentensi moja. "Uchafuzi wa mazingira Athi River" si swali, ni kilio. "Ni visima vingapi kati ya 10 vya mtaa wetu vina floraidi kupita miligramu 1.5?" Hilo ni swali. Mtu akilisikia anajua utafanya nini Jumatatu asubuhi.

Pili, bajeti iwe ya kweli. Andika nauli mara ngapi na shilingi ngapi, chupa ngapi, karatasi ngapi. Ukiandika "matumizi mengineyo 5,000", msomaji anafunga faili.

Tatu, tafuta ruhusa mapema. Kibali cha utafiti hutolewa na NACOSTI. Mwulize mwalimu wako kama mradi wako unakihitaji. Kisha mwone chifu, na mwenye kisima. Usiingie kwa mtu na chupa mkononi kama mwizi wa maji.

Nne, peleka mapema. Anayepeleka siku ya mwisho, saa ya mwisho, ndiye stima inayempotelea.

Tano, ogopa matapeli. Ukiambiwa utume kwa simu "ada ya kushughulikia faili" ndipo upewe msaada, ujue hapo hakuna msaada. Mjulishe na mwenzako.

Sasa tunarudi kwenu, akina baba na akina mama. Mwaka 1994 kilitoka kitabu juu ya Machakos kilichosomwa duniani kote. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichunguza jinsi watu wa wilaya hii, tangu miaka ya 1930 hadi 1990, walivyozidi kuongezeka na bado wakaiokoa ardhi yao kwa kuchimba matuta. Matuta yale yalichimbwa na nani? Yalichimbwa na wazee wetu, kwa mwethya, kila mtu na jembe lake, leo kwako na kesho kwangu. Kazi ilikuwa yetu. Swali likaulizwa na wengine, na pesa za kuliuliza zikatoka mbali. Hatuwalaumu, tunawashukuru. Lakini mpaka lini tungoje mgeni aje atuulize habari zetu?

Kuchanga tunajua. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi ya Tom Mboya iliondoka na vijana 81 kwenda Marekani, na huku nyuma jamaa walikuwa wamechanga kwa ajili ya safari. Tangu hapo tumechanga kwa tikiti, kwa karo, kwa hospitali na kwa mazishi. Kwa swali la mtoto hatujawahi kuchanga.

Kwa hiyo kamati imebadilisha kile kitabu. Tumetenga shilingi 60,000 kwa miradi sita ya wanafunzi wa digrii ya kwanza, kila mmoja usiozidi 10,000. Masharti ni matatu tu: swali liwe la hapa kwetu, au kazi ya sanaa iwe juu ya maisha ya hapa kwetu, bajeti iwe wazi, na mwombaji arudi katika ukumbi huu atusomee alichokipata, kwa lugha ambayo nyanya yake ataielewa. Ukipata jibu baya, lilete lile lile. Hatutaki jibu la kutufurahisha.

Yule binti sasa anafanya kazi Nairobi. Tulipomwomba msamaha alicheka kidogo, kisha akanyamaza. Juzi alituletea lile daftari lake. Majina ya visima vyote 10 yamo, na ramani aliyoichora kwa penseli. Amesema apewe yeyote atakayeimalizia kazi.

Daftari liko hapa mezani. Anayelitaka asogee mbele tutakapomaliza chai.