Jirani Anapokuwa na Bwawa

Wakazi wa mabondeni hutuuliza: jirani wa juu amejenga bwawa la udongo na anasema litatukinga na mafuriko, je, tumwamini?

Bwawa humkinga mtu likiwa na nafasi. Lililo nusu tupu hupokea maji ya mvua kubwa na kuyaachilia polepole. Lililojaa pomoni halina pa kuyaweka. Hapa ndipo maslahi yenu na ya mwenye bwawa yanapoachana. Yeye anataka maji ya kumwagilia, pengine na ya kufugia samaki, basi hulijaza wakati wa masika. Wako hata wanaoziba kwa magunia ya mchanga ile njia ya kando ya kupitishia maji ya ziada, jambo ambalo sisi hatuwezi kuliita uzembe mdogo. Tuta la udongo si ukuta wa zege: maji yakifurika juu yake hulimomonyoa, na likianza kukatika halichukui muda.

Mnaikumbuka Solai, Kaunti ya Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua nyingi, bwawa la shamba la binafsi lilipasuka na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha.

Kulitazama bwawa hakuhitaji uhandisi. Tazameni nyufa, mashimo ya wanyama, na miti mikubwa iliyoota juu ya tuta, kwa kuwa mizizi ikioza huacha mianya. Zaidi ya yote, tazameni maji yanayochuruzika chini ya tuta. Yakiwa maangavu na hayaongezeki, mwenye bwawa aarifiwe na yaendelee kuangaliwa. Yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani: ondokeni kwanza, simu mpige mkiwa mahali palipoinuka.

Mnayo haki ya kuuliza iwapo bwawa lina kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mkiwa na shaka, andikeni malalamiko yenye tarehe na picha, mpeleke kwa Mamlaka na kwa chifu, na mbaki na nakala. Naye anayetaka kununua ploti bondeni, kabla ya kulipa chochote, apande kwanza juu ya mto aone kuna nini.

Kabla ya masika kubalianeni pia njia ya kukimbilia, na nani atawaamsha wazee.