BANGILI ILIYOTIWA RISASI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Nakuru)



Mmezoea kutusikia tukisema habari za mishahara na saa za kazi. Leo twataka kusema habari ya fedha nyingine, ile ya bangili na birika, kwa sababu imetutia aibu sisi watu wa karakana, na afadhali aibu isemwe na wenyewe.

Mjane wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa gadi, alikuwa na bangili aliyorithi kwa mama yake, mtu wa Lamu. Ilikatika. Akatuletea sisi, kwa kuwa kila siku twalehemu mikebe na mabomba. Tukaona ni kazi ya dakika tano. Tukaitia risasi iliyochanganywa na bati, ikang'aa, mama akashukuru. Baada ya miezi mitatu ikakatika palepale.

Ndipo akaenda kwa sonara. Fundi aliitazama akauliza, "Nani ametia risasi hapa?" Mchanganyiko ule wetu huyeyuka kwenye digrii 183 tu, lakini fedha safi hungoja mpaka digrii 961. Ukiipasha moto mkali fedha iliyobaki na risasi, ile risasi huila kwa ndani, ikatoboka kama ubao wenye mchwa. Basi ikambidi akwangue sana, na pengine akate.

Mama alipoona bangili imepungua alikuja kwetu akilia. Tukaenda watu wanne kwa hasira kumwita yule fundi mwizi. Hakututukana. Alifunua karatasi yenye kipande alichokata na unga wa tupa, akauliza, "Ilipokuja ilikuwa na uzito gani?" Hakuna aliyejua. Sisi tunaodai kila saa ya ziada iandikwe, hatukuandika uzito wa mali ya mjane.

Tukakaa kutazama kazi. Kwanza alisafisha kiungo, akapaka tinikali, ule unga mweupe unaozuia moto usikitie weusi. Juu yake akaweka punje ndogo za lehemu ya fedha, yaani fedha iliyochanganywa na shaba na zinki ili iyeyuke kabla ya bangili yenyewe. Hakuupeleka moto kwenye punje, aliipasha bangili yote polepole, na ilipokuwa nyekundu iliyofifia, lehemu ikakimbia ndani ya ufa kama maji. Hapo hata mkubwa wetu wa kuchomelea alinyamaza. Kisha maji ya ukwaju, tupa, na kusugua.

Alituambia pia kwamba bangili nyingi za zamani za pwani zilifuliwa kwa riale za Sham, zile zenye mwaka 1780, hata zilizopigwa miaka mingi baadaye. Katika sehemu elfu za riale hiyo, 833 ni fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka 1921 hadi 1946 ilikuwa na robo tu ya fedha, na ile ya 1948 haikuwa nayo kabisa. Mtu akikuuzia bangili ya shilingi kwa bei ya riale, amekuibia mchana.

Na birika je? Tazama chini yake. Ukiona herufi E.P.N.S., si fedha, ni madini ya shaba, zinki na nikeli yaliyovikwa ngozi nyembamba ya fedha. Wazee waliohudumu katika mabehewa ya kulia walivijua sana vyombo hivyo. Moto wa sonara utaiharibu ngozi hiyo, kwa hiyo lehemu laini yafaa, lakini isiwe na risasi. Risasi ni sumu, na chai ni ya watoto pia. Mwambie fundi atumie bati lisilo na risasi, nawe umwone akilitia.

Malipo ya bangili yalichangwa na karakana, wala mama hakutoa senti. Kipande kilichokatwa alirudishiwa ndani ya karatasi yake. Fundi tulimwomba radhi mbele ya wateja wake, kwa kuwa tulimtukana mbele yao hao hao.

Karani wa tawi sasa ana mzani mdogo na daftari. Mwenye chombo cha fedha cha kupeleka kwa fundi akilete Jumamosi, saa nane mpaka saa kumi. Kitapimwa, uzito utaandikwa, na karatasi mbili zitatolewa, moja yako na moja ya fundi. Hakuna malipo.