Polio na Mpaka wa Jego
Polio, yaani ugonjwa wa kupooza unaoletwa na virusi viingiavyo kinywani na kuzaliana matumboni, haiwezi kutokomezwa na Kenya peke yake, kwa kuwa Wadigo wa Jego, eneo la Kenya lililo karibu na mpaka, wana jamaa zao ng'ambo ya mpaka, Tanzania, nao watoto huvuka pamoja na wazazi, wawe wamechanjwa au la. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na virusi asilia vya polio, yaani vile visivyotokana na chanjo. Hata hivyo, mwaka 2022 virusi vyenye asili ya Pakistan vilithibitishwa Malawi, na Tanzania, iliyo jirani, ikalazimika kuendesha kampeni ya matone ya chanjo. Kwa hiyo Lunga Lunga, upande wa Kenya wa mpaka, na Horohoro, upande wa Tanzania, zichanje siku zilezile.