Springi za Pikapu ya Tawi na Shauri la Dereva Wetu

(Hotuba ya mafundi watatu wa kikundi cha springi, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Imepigwa chapa kama ilivyosemwa.)



Halmashauri ilituomba tueleze tulilolifanyia gari la tawi, ile pikapu ya Land Rover ya kijani. Sisi ni watu watatu tunaotengeneza springi za mabehewa ya mizigo. Si wasemaji hodari, na masomo yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, lakini chuma tunakijua kidogo, na jambo hili ni la chuma.

Yaliyotokea Desemba kila mmoja wenu anayajua. Pikapu ilipeleka mahindi, ikashusha, ikawa inarudi tupu na ndugu wanne wamekaa nyuma. Barabara ilikuwa ya kokoto, iliyojikunja kama bati la nyumba. Kwenye kona, mkia wa gari ulitupwa nje, gari likageuka na kuingia mtaroni. Ndugu yetu mpakizi alivunjika mfupa wa bega, na hata leo hawezi kuinua mkono ule kupita kichwa. Siku ya tatu barua ikaandikwa kwamba dereva alikwenda mbio, aondolewe katika kazi ya gari, na gharama zikatwe katika posho yake.

Sisi watu wa reli barua ya namna hiyo tunaifahamu. Behewa likiacha njia, wa kwanza kuulizwa ni dereva, wa pili ni mtu wa pointi. Ekseli huulizwa mwisho kabisa. Tumelalamika juu ya desturi hiyo miaka mingi, na safari hii imetoka katika meza yetu wenyewe.

Basi tulitaka kumtetea dereva, lakini kwanza tulikuwa na neno la kuungama. Mwaka jana gari lilipokuwa likiinama nyuma kwa mzigo, ni sisi tuliotafuta mabamba mawili ya springi ya lori kuukuu na kuyaongeza kila upande. Halmashauri ilitushukuru. Gari liliinuka, likasimama kama fahali, na kila mtu akasema sasa lina nguvu. Magunia yakapanda kutoka manane hadi kumi na mawili. Hakuna aliyetuuliza kitu, na sisi hatukujiuliza.

Nguvu ya springi si kukataa kunepa. Springi imewekwa ili inepe. Gurudumu likikuta jiwe, springi inakubali, gurudumu linapanda na kushuka, na bodi inabaki mahali pake. Likikuta shimo, springi inalisukuma chini lifuate udongo. Ikiwa ngumu kupita kiasi, gurudumu huruka, na likiwa hewani halishiki kitu, hata dereva awe nani. Katika kazi yetu ya reli ni vivyo hivyo. Mahali ambapo reli moja imezama kuliko mwenziwe, behewa lenye springi zisizokubali kunepa huliacha gurudumu moja bila uzito wa kutosha, na gurudumu jepesi hupanda reli kwa ukingo wake. Hayo tunayajua kwa behewa tangu tulipoanza kazi. Kwa motokaa yetu wenyewe tuliyasahau.

Sasa tuandike hesabu ubaoni, maana wengine walisema mabamba mawili tu hayawezi kudhuru. Springi ya Land Rover hii ni mabamba yaliyopangwa moja juu ya jingine, makubwa juu na madogo chini. Ukiongeza bamba lenye unene uleule, unaongeza ugumu wa bamba moja tu. Lakini unene wenyewe ukizidi, ugumu hupanda kwa unene kuzidishwa na wenyewe mara tatu. Chukueni bamba la milimita 6: sita mara sita mara sita ni 216. Chukueni la milimita 9, urefu na upana sawa: tisa mara tisa mara tisa ni 729. Bamba hilo moja ni gumu kushinda mabamba matatu ya kwanza yakiwekwa pamoja. Tulipoweka mawili ya lori tulidhani tumeongeza mawili. Kwa mfano huu, tuliongeza karibu saba!

Tena kuna kutu. Mabamba yakiwa safi huteleza moja juu ya jingine gari linaponepa. Yakiingiwa na maji na vumbi hushikana, na springi huanza kujifanya kipande kimoja kinene. Tulipofungua za pikapu yetu, tulilazimika kuyatenganisha kwa patasi na nyundo.

Gari tupu ndilo linaloteswa zaidi na springi ngumu. Likiwa na magunia kumi na mawili springi zilinepa, ingawa kilo 1,080 zilikuwa zaidi ya haki yake. Likiwa tupu hazikunepa hata kidogo. Ndiyo sababu ajali haikutokea wakati wa kwenda na mzigo, ikatokea wakati wa kurudi. Waliosema dereva alikwenda mbio kwa sababu gari lilikuwa tupu waliona nusu ya jambo.

Kisha tulipima. Gari hili ni la aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1961, aina ya pili A kama wanavyoiita, nalo letu ni la mwaka 1968. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na tangu siku hizo hadi miaka ya 1980 mabinamu wa pikapu hii wote walikaa juu ya springi za mabamba, mbele na nyuma. Jina lake la inchi 109 ni umbali kutoka kati ya gurudumu la mbele hadi kati ya la nyuma, yaani milimita 2,769 hivi. Tulipima upande wa kulia, tukapata hesabu hiyo. Upande wa kushoto ulikuwa pungufu kwa milimita 11.

Hapo tulinyamaza wote watatu. Katikati ya kila springi kuna bolti ndogo inayofunga mabamba pamoja, na kichwa chake huingia katika tundu ili ekseli isitembee. Ya kushoto nyuma ilikuwa imekatika. Kwa kuwa sasa springi ilikuwa nene, zile bolti za umbo la U tulizotumia hazikupata nyuzi za kutosha kukazwa sawasawa, na ekseli ikasogea. Gari lenye ekseli iliyosogea upande mmoja hutembea kama kaa. Dereva alikuwa amemwambia mtunza gari mara tatu kwamba gari linavuta upande. Mara tatu aliambiwa ashike usukani vizuri.

Tulilolifanya ni hili. Tuliliinua gari na kuweka magogo imara chini ya chasi, kwa maana mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tulizitoa springi zote nne. Kabla ya kufungua bolti ya katikati tulizibana kwa klampu kubwa mbili, kwani mabamba yaliyobanwa yakiachiliwa ghafula yanaweza kuvunja taya la mtu. Yale ya lori tuliyatoa na kuyatupa. Ya asili tuliyasugua kwa brashi ya waya, tukayaviringisha ncha kwa tupa ili yasichimbane, tukayapaka grisi yenye grafiti.

Mabamba mawili yalikuwa yamelala, hayana tena upinde wake. Wengine walitaka tuyapige kwa moto wa gesi. Hilo ni kosa kubwa. Chuma cha springi kimepashwa moto hadi nyuzi 850 au 900, kikatumbukizwa ndani ya mafuta, kisha kikapashwa tena kwa moto mdogo, nyuzi 450 hadi 500 hivi, ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Ukikiunguza kwa gesi sehemu moja unaiharibu kazi hiyo yote, na ukikichomelea ni vibaya zaidi. Tanuri la karakana lingefaa, lakini ni mali ya mwajiri, na hatutaki mtu aje aseme chama kinatengeneza gari lake kwa makaa ya reli. Tulipeleka mabamba hayo kwa fundi wa springi wa jua kali, na stakabadhi yake iko kwa mtunza hazina.

Bushi za mpira zilikuwa zimekwisha. Tulitia mpya, na hapa tunawaomba wenye magari yao wasikilize. Bolti za bushi hizo zisikazwe mwisho wakati gari linaning'inia. Likishushwa, mpira utakuwa umejinyonga tangu siku ya kwanza, nao utachanika upesi. Ziingizeni, shusheni gari likae juu ya magurudumu yake, litikiseni, ndipo mkaze. Bolti za U nazo ziwe mpya, na zikazwe tena baada ya safari ya kwanza.

Shokabsoba zote nne zilikuwa zimevuja. Wengi hudhani hizo zinabeba mzigo. Hazibebi. Ni bomba lenye mafuta ndani, na kazi yake ni kuzima kurukaruka baada ya springi kunepa. Ukiivuta na kuisukuma kwa mkono, ikaenda bila kukupinga, imekufa. Zilipokuwa zimekufa hatukujua, kwa sababu kutu ya mabamba ilikuwa ikifanya kazi yao kwa njia mbaya. Tulipoondoa kutu bila kuweka mpya, gari lilicheza kama mtumbwi; tulijaribu uani, tukacheka, tukaagiza mpya.

Ndugu mmoja wa halmashauri aliuliza kwa nini tusiweke springi za kisasa. Swali lake ni la haki. Zipo springi za mabamba machache, mawili au matatu, kila moja nene katikati na kupungua kuelekea ncha, na katikati ya bamba na bamba pana nafasi, hayagusani ila mwisho na pale yanapofungwa. Mikwaruzo ni kidogo, nazo hunepa vizuri sana. Zinaingia katika gari letu bila kukata kitu. Tungependa kuziweka, fedha hazikutosha. Ama springi za kuzunguka kama koili, ambazo wenye kiwanda waliziweka katika Range Rover mwaka 1970 na katika One Ten mwaka 1983, hizo zataka kukata na kuchomelea chasi. Bodi ya gari letu ni ya aluminiamu, haina kutu, lakini chasi ni ya chuma cha kawaida, na karibu na masikio ya springi za nyuma tuliona kutu ambayo imetupasa kuitia kiraka. Chasi ya namna hiyo si ya kufanyia majaribio.

Mwisho tulirekebisha magurudumu ya mbele yatazame ndani kidogo, tofauti ya milimita 1.2 hadi 2.4 kama kitabu kisemavyo, tukasawazisha upepo wa tairi, na kupaka mstari mwekundu ndani ya bodi. Mzigo mzito ukae mbele ya mstari huo, chini, usirundikwe juu ya mlango wa nyuma. Magunia ni manane ya kilo 90, yaani kilo 720. Akina mama wa duka watasema safari zitaongezeka. Ni kweli, zitaongezeka, na petroli itapanda. Hilo tumelileta mbele yenu wazi ili mlikubali au mlikatae. Lakini mkilikataa, msituite tena kuongeza mabamba.

Tulimwomba dereva yuleyule alijaribu gari kwenye barabara ileile, tupu, sisi watatu tukiwa pamoja naye. Hakutaka kwanza. Alipofika kwenye kona ile alipunguza mwendo mpaka tukadhani anasimama. Tulirudi tukaipita mara ya pili na ya tatu, na mara ya tatu aliachilia mkono mmoja akatuonyesha usukani umetulia. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, barua ya Desemba ingali ndani ya faili. Tunaomba iondolewe leo, kabla ya shauri lingine lolote, na mahali pake iwekwe karatasi hii ya vipimo ambayo tumeitia sahihi sote watatu, pamoja na maungamo yetu juu ya mabamba ya lori. Posho ya dereva iliyokwisha kukatwa arudishiwe. Na kwa ndugu yetu mpakizi, ambaye amekaa pale nyuma karibu na mlango, tunaomba siku zake za kazi alizopoteza zilipwe kutoka sanduku la usafirishaji. Kikundi chetu kimekwisha kutia humo sehemu yake.