Kamati za Bunge na chakula cha Eastlands: weka risiti, andika ombi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi na wafanyabiashara wa mitaa ya Eastlands

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kamati za Bunge zinazokagua sera za kilimo, uvuvi na wanyamapori. Najua wengi mnajiuliza: sisi wa Kayole, Umoja, Makadara na Dandora tuna shamba gani, ziwa gani, ndovu gani? Nenda Gikomba alfajiri samaki wakishushwa. Nenda Kiamaiko mbuzi wakifika kutoka kaskazini. Nenda Marikiti uulize bei ya gunia la viazi. Sera ikiharibika Homa Bay, Marsabit au Nyandarua, sisi ndio tunaoilipia kaunta.

Kwanza tujue mlango wa kubisha. Jedwali la Nne la Katiba limegawanya kazi. Sera ya kilimo na ulinzi wa wanyamapori ni kazi ya serikali ya kitaifa. Kilimo chenyewe, vichinjio vya kaunti, kudhibiti magonjwa ya mifugo na uvuvi ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo, kama shida ni mtaro uliozibwa kwenye soko la samaki au usafi wa kichinjio, mlango ni wa kaunti: mwakilishi wadi wako na Bunge la Kaunti pale City Hall. Kama shida ni mbolea ya serikali, samaki wanaoagizwa kutoka nje au fidia ya mtu aliyejeruhiwa na mnyama wa porini, mlango ni wa Bunge la Kitaifa au Seneti.

Katika Bunge la Kitaifa, Kamati ya Kilimo na Mifugo hushughulikia mambo ya shamba, Kamati ya Uchumi wa Buluu, Maji na Unyunyizaji hushughulikia uvuvi, na Kamati ya Utalii na Wanyamapori hushughulikia mbuga. Seneti nayo ina kamati yake ya kilimo, mifugo na uvuvi.

Kamati hizi zina meno. Ibara ya 125 ya Katiba inazipa mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita mtu yeyote, kumhoji chini ya kiapo na kumlazimisha kuleta stakabadhi. Ibara ya 195 inazipa kamati za Bunge la Kaunti mamlaka yayo hayo. Waziri akiitwa, anakuja. Mkurugenzi akiitwa, anakuja na faili.

Tuchukue mfano tunaoukumbuka sote. Mapema mwaka wa 2024, wakulima waliokuwa wamenunua mbolea ya ruzuku kwa shilingi 2,500 gunia waligundua kwamba baadhi ya magunia hayakuwa na mbolea ya kufaa. Wengi wenu mlipigiwa simu na wazazi wenu mashambani, kwa sababu pesa za mbolea hiyo zilitoka kwenye mishahara na vibanda vya hapa. Kamati ya Kilimo iliwaita wahusika ikawahoji. Kisha ikaja hoja ya kumwondoa mamlakani Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Tarehe 2 Mei 2024, wabunge 149 waliiunga mkono na 36 wakaipinga. Kama Katiba inavyotaka, iliundwa kamati teule ya wanachama 11. Mnamo Mei 13 kamati hiyo ilitoa ripoti yake: mashtaka hayakuthibitishwa.

Kuna waliokubaliana na uamuzi huo na kuna walioupinga, na mimi sikuja kuwagawanya. Ninachotaka tuchukue ni hiki: mbele ya kamati, uchungu peke yake hautoshi. Utaulizwa, una nini cha kuthibitisha? Mkulima aliyeweka gunia tupu, risiti ya duka na picha ya mahindi yaliyonyauka ana jambo la kusema ambalo haliwezi kupuuzwa kirahisi. Aliyetupa gunia amebaki na hadithi tu.

Sasa turudi kwa samaki, maana mama samaki naona mmekuja wengi. Biashara yenu imefungwa na sera kila upande. Minofu ya mbuta hukatwa viwandani na sehemu kubwa huuzwa ng'ambo. Kinachofika kwetu ni mgongo wazi, nao umelisha watoto wengi wa mitaa hii. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena husitishwa upande wetu wa Ziwa Victoria ili wazaane. Ni hatua ya maana kwa ziwa, lakini miezi hiyo pia kodi ya nyumba inalipwa. Mwishoni mwa 2018 serikali ilitangaza kusimamisha uagizaji wa samaki kutoka Uchina. Mvuvi anayelia kwamba samaki hao wanamvunjia bei ana hoja. Mama anayewauza kwa sababu samaki wa ziwa hawamtoshi ana hoja pia. Mvuvi ana viongozi wa ufuo wa kumsemea. Wewe unayekaanga samaki kando ya barabara Kariobangi, nani atakusemea kamati ikikaa? Usipopeleka hesabu yako mwenyewe, sera itaandikwa kana kwamba haupo.

Kuhusu wanyamapori, wengi wenu mna jamaa Taita Taveta, Kajiado au Laikipia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha la ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Lakini kuna familia ambazo zimesubiri miaka. Kama dai la nyumbani kwenu limekwama, tafuta nambari ya OB ya polisi, ripoti ya hospitali na nakala ya fomu ya dai. Kamati ya Bunge haiwezi kuuliza kuhusu faili ambalo haijui lipo.

Basi tunafanyaje? Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi Bungeni, na sheria ya mwaka 2012 inaeleza ombi liweje. Shikeni kalamu.

Kwanza, liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza. Nasisitiza Kiswahili, msiogope.

Pili, lugha iwe ya heshima. Matusi hulipa karani sababu ya kulirudisha ombi.

Tatu, eleza kama umeshajaribu kupata msaada kwa ofisi inayohusika na ulijibiwa nini. Ndiyo maana nakala za barua ni muhimu.

Nne, sema kama jambo hilo liko mahakamani.

Tano, malizia kwa kusema wazi unachotaka Bunge lifanye. "Tusaidieni" haitoshi. "Tunaomba wizara ieleze ni lini madai haya yatalipwa" inaeleweka.

Sita, weka jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole gumba.

Ombi hupelekwa kwa Karani wa Bunge, au mbunge wako analiwasilisha kwa niaba yako. Likisomwa, linapelekwa kwa kamati. Vilevile, mkiona tangazo gazetini kwamba kamati inapokea maoni kuhusu mswada fulani, angalieni tarehe ya mwisho kabla ya kitu kingine chochote. Maoni yanayofika baada ya siku hiyo yamepitwa na basi.

Nisiwadanganye kwamba kila ombi hufaulu. Pendekezo la kamati si amri mpaka Bunge lilipitishe, na hata likipitishwa linahitaji kufuatiliwa. Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa zinampa waziri siku 60 kueleza alichofanya kuhusu uamuzi wa Bunge, na kuna Kamati ya Utekelezaji ya kuuliza. Hesabuni siku hizo. Zikipita kimya, mwandikieni mbunge wenu mkitaja tarehe.

Ombi moja lenye sahihi za wauzaji mia moja wa soko moja lina uzito kuliko kelele za mtu mmoja mmoja. Kikundi cha chama kinachokutana Jumapili kinaweza kuliandika kwa alasiri moja. Mkirudi sokoni kesho, anzeni na jambo dogo: daftari, tarehe, bei mliyonunua, bei mliyouza, na risiti ndani ya bahasha.

 Maswali sasa.