Mguu wa Punda Mchanga Kwenye Picha ya Eksirei

(Mazungumzo kwa wafugaji na wenye mikokoteni)



Daktari wa mifugo anapompiga punda wa miaka miwili eksirei ya mguu wa mbele, mara nyingi mwenye punda huona mstari mweusi umekatiza mfupa juu kidogo ya goti, akashtuka kwamba umevunjika. Kumbe haujavunjika. Hilo ni tabaka la gegedu, na gegedu haijitokezi kwenye eksirei kama mfupa unavyojitokeza. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kwa farasi, jamaa wa karibu wa punda, mstari huo kwa kawaida hufungika baada ya miaka miwili, na punda hakomai mapema kuliko farasi.

Mitungi minne ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 80, bila kuhesabu uzito wa mitungi yenyewe. Gegedu ikipondeka upande mmoja, upande huo huacha kukua huku wa pili ukiendelea, na mguu hupinda. Kuchoma kwa chuma cha moto hakuunyooshi. Humtesa mnyama bure.

Picha hiyo pia hupimwa, ingawa rula peke yake hudanganya, kwa sababu kivuli cha mfupa hutoka kikubwa kuliko mfupa wenyewe. Kwa hiyo daktari huweka kando ya mguu kitufe cha chuma chenye kipimo kinachojulikana. Kitufe cha milimita 25 kikitokea 30 pichani, basi mfupa ulioonekana milimita 36 ni wa 30 kwa kweli. Hivyo picha ya leo hulinganishwa na ya miezi sita ijayo, na unene wa ukuta wa mfupa hujulikana bila mnyama kupasuliwa.

Anayemshika punda wakati wa kupigwa picha huvaa aproni ya risasi na kuweka mikono mbali na mwale. Watoto na wajawazito hukaa mbali kabisa.

Mashine hizi hazipo kila wadi, lakini meno yapo. Punda hubadilisha meno mawili ya mbele ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hivi, na yale ya pembeni kabisa akikaribia mitano. Mwenye meno ya utoto yote bado ni mtoto, hata akiwa na mwili mkubwa. Afisa wa mifugo wa wadi anaweza kumwonyesha mfugaji namna ya kuyakagua.