Dakika Kumi Chini ya Mkwaju



Msimu ule pamba iliponiangusha hapa Bariadi, nilikesha miezi mitatu nikihesabu madeni. Mwenzetu mmoja, daktari, akanishauri nikae chini ya mkwaju kila alfajiri, nihesabu pumzi badala yake. Nilicheka. Mzee mzima!

Usingizi ulirudi, deni halikuondoka. Alinieleza kuwa pumzi ndefu hupunguza mapigo ya moyo. Habari za ubongo zina ubishi: watafiti wa Marekani mwaka 2005 walikuta sehemu zake ni nene zaidi kwa waliozoea kutafakari miaka mingi, wengine, 2022, hawakuona badiliko la umbo baada ya wiki nane. Mimi nashuhudia usingizi tu. Deni limebaki nusu, na mama watoto haniulizi tena naongea na nani usiku.